Tamthilia gani ya Kigiriki muanze nayo: Mfalme Oedipus, Antigone, Medea au Lysistrata?

Kikundi cha maigizo kikiamua kujaribu tamthilia ya Wagiriki wa kale, mjadala huanzia kwa nani ataigiza mfalme na nani ataigiza malkia. Naona hilo lingesubiri. Kwanza hesabuni watu mlio nao wanaoweza kuimba, kucheza na kusema kwa pamoja, kisha angalieni mna muda gani wa kuwafunza. Hesabu hiyo itawaongoza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu thieta ya Ugiriki ilianza na kundi la waimbaji. Mwigizaji alizaliwa baadaye, ndani ya kundi hilo.

Katika mji wa Athens, kila mwaka kwenye mwezi Machi au Aprili, ilifanyika sikukuu kubwa ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Raia walikuwa wamegawanywa katika makabila 10, na kila kabila lilitoa kundi la wanaume 50 na kundi la wavulana 50 kushindana kwa kuimba na kucheza wimbo wa kumtukuza mungu huyo, ulioitwa dithiramba. Mwanafalsafa Aristotle anasema tanzia (tamthilia ya huzuni) ilitokana na viongozi wa nyimbo hizo, yaani mtu aliyejitenga na wenzake akaanza kujibizana nao. Mapokeo humtaja Thespis, karibu mwaka 534 KK, kuwa wa kwanza kufanya hivyo mbele ya mji. Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles akaongeza wa tatu, na tanzia ikaishia hapo: wanaume watatu wakibadilisha barakoa waliweza kubeba wahusika wote wanaosema.

Kundi lile la waimbaji, korasi, lilibaki kuwa moyo wa shughuli. Mtunzi aliyetaka kuonyesha kazi yake alimwendea ofisa wa mji kuomba korasi. Kupewa korasi ndiko kulikokuwa kupewa ruhusa ya kushindana. Raia tajiri aliteuliwa kugharimia mafunzo na mavazi ya waimbaji, na waimbaji wenyewe walikuwa raia wa kawaida. Katika tanzia walikuwa 12, Sophocles akawafikisha 15, na katika futuhi (tamthilia ya kuchekesha) walikuwa 24. Hata mpangilio wa mahali ulieleza hivyo. Watazamaji walikaa kwenye mteremko wa kilima cha Akropoli, mahali palipoitwa theatron, yaani pa kutazamia. Nyuma ya uwanja palikuwa na kibanda, skene, ambamo waigizaji walibadilishia mavazi. Katikati ya hayo mawili ulikuwa uwanja wa kuchezea, orchestra, na uwanja huo ulikuwa wa korasi.

Kwa vikundi vya kwetu hiyo ni neema. Kuna nchi nyingi ambako waongozaji huikwepa korasi kwa kukosa watu waliozoea kuimba pamoja, wakaikata hadi wabaki watu watatu wanaosoma mashairi kwa kupokezana. Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura ni vigumu kupata kikundi cha vijana 20 ambacho hakina mtu aliyekulia kwenye kwaya au kwenye ngoma ya kuitikiana. Msiitupe hazina hiyo.

Sasa tamthilia zenyewe, kwa asiyezijua. Katika Mfalme Oedipus ya Sophocles, mji wa Thebes umepigwa na tauni, na mfalme anamsaka aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia. Msako unamrudia mwenyewe: muuaji ni yeye, Laius alikuwa baba yake, na Jocasta aliyemwoa ni mama yake. Antigone, ya Sophocles vilevile, inamhusu binti ya Oedipus. Kaka zake wawili wameuana vitani, na mjomba wao Creon, aliye mfalme sasa, amekataza mmoja wao, Polynices, asizikwe kwa kuwa aliushambulia mji. Antigone anamzika, na kwa hilo anafungiwa pangoni. Katika Medea ya Euripides, mwanamke mgeni mjini Korintho ameachwa na mumewe Jason anayemwoa binti mfalme, na kisasi chake kinafika hadi kuwaua watoto wake mwenyewe. Lysistrata ya Aristophanes ni futuhi: wanawake wa Ugiriki wanaungana kuwanyima waume zao unyumba mpaka vita viishe.

Korasi nne zilivyo

Katika Mfalme Oedipus korasi ni wazee wa Thebes. Wanaingia wakiuombea mji dua, wakiita miungu kwa majina, wakitaja maiti zisizoliliwa. Wanampenda mfalme wao, na ushahidi unavyozidi kumwelekea wanavutwa huku na huku: wakikubali kuwa ana hatia mji umekosa kiongozi, wakikubali kuwa hana hatia basi miungu imesema uongo. Katikati ya tamthilia wanaimba wimbo ambao kwangu ndio kilele cha kazi yote. Wanauliza, ikiwa matendo maovu yanapewa heshima, kwa nini sisi tuendelee kucheza? Walisema hayo wakiwa wanacheza kwelikweli, katika sikukuu ya mungu, mbele ya maelfu ya watu. Mtu anayetaka kuelewa thieta ilikuwa na maana gani kwa Waathene aanzie kwenye mstari huo: mchezo ulikuwa ibada, na ibada ilithubutu kujihoji yenyewe hadharani. Korasi hii inahitaji waimbaji wenye subira. Hakuna mbio wala mapigano, hofu inapanda polepole tu, na kwaya iliyozoea kupaza sauti mwanzo hadi mwisho itashindwa.

Korasi ya Antigone nayo ni wazee wa Thebes, ila hawa wanamwogopa mfalme. Wanapima maneno. Mara tu mlinzi anapoleta habari kwamba kuna mtu ameifunika maiti kwa udongo, wao wanaimba wimbo mashuhuri kuhusu maajabu ya binadamu: anavuka bahari, analima ardhi, anafuga farasi, anajenga miji na kutunga sheria, lakini kifo hajakipatia dawa. Hawamtaji Antigone, wala Creon. Kila mtazamaji anajua wanamzungumzia nani, na huenda kila mmoja akawa na jibu lake. Kisha, karibu na mwisho, jambo linageuka. Nabii Teiresias ameshamtisha Creon, na mfalme yule aliyekuwa hasikii la mtu anawageukia wazee na kuuliza afanye nini. Wanamjibu waziwazi: kamtoe msichana pangoni, kisha mjengee kaburi aliyeachwa bila kuzikwa. Creon anatii, ila anageuza mpangilio. Anaanza na maiti, na anapofika pangoni Antigone amekwisha kujinyonga. Aristotle aliandika kwamba korasi ihesabiwe kama mmoja wa waigizaji na ishiriki katika tendo, kama inavyofanya kwa Sophocles na si kwa Euripides. Naamini tukio hili linaonyesha maana yake kuliko jingine lolote.

Kwa Medea hukumu hiyo ya Aristotle inagusa pagumu kweli. Korasi ni wanawake wa Korintho. Mapema kabisa Medea anawaomba wamtunzie siri, wanakubali kwa sababu wanaona ameonewa. Baadaye wanapojua kwamba watoto nao watauawa wanamsihi sana, lakini hawatoki kwenda kumwita mtu. Wanasikia watoto wakilia ndani, wanajiuliza kama waingie, hawaingii. Mwongozaji hodari anaweza kuligeuza hilo kuwa jambo la kutisha kuliko yote jukwaani, kwa sababu watazamaji nao wamekaa wakisikia. Mwongozaji mchanga ataachiwa swali ambalo ukumbi mzima utamwuliza: mbona hawakimbii kuwaokoa? Msichague Medea kama waimbaji wenu hawajui kusimama kimya wakabaki wanaigiza.

Lysistrata inakwenda njia tofauti kabisa. Korasi imegawanyika nusu mbili. Vikongwe wanaume wanapanda Akropoli wakiwa wamebeba magogo na moto ili kuwachoma wanawake walioteka hazina ya mji. Vikongwe wanawake wanatokea na mitungi ya maji. Wanatukanana, wanamwagiana maji, wanaimbiana vijembe, na mwishoni nusu hizo mbili zinapatana na kuimba pamoja. Watu wa taarab na mipasho hawatahitaji kuelezwa raha iliyomo humo. Kwa kikundi chenye wachezaji wengi na waigizaji wachache hii ndiyo korasi rahisi kuifunza, na ndiyo inayokwenda vizuri zaidi kwenye uwanja wa wazi.

Nani atabeba mzigo

Mfalme Oedipus inasimama juu ya mtu mmoja. Yuko jukwaani karibu muda wote, na sehemu kubwa ya tamthilia ni yeye akimhoji shahidi mmoja baada ya mwingine: Creon, Teiresias, Jocasta, mjumbe kutoka Korintho, mchungaji mzee. Hakuna pa kujificha. Kama hamna mwigizaji anayeweza kubadilika kutoka kiongozi mwenye huruma hadi mtu anayepiga kelele kwa hofu, bila kurukia mwisho kabla ya wakati, iacheni kwanza. Jocasta naye anahitaji mtu wa uzito, maana anaelewa ukweli kabla ya mumewe na anatoka akiwa amemwomba aache kuuliza. Nafasi ndogo ninayoipenda kuliko zote humo ni ya mchungaji. Ana mistari michache, na kila jibu lake linatolewa kwa kulazimishwa.

Medea ni mzigo wa namna hiyo hiyo, ila akina mama mlio nao wanaweza kuupokea vizuri zaidi. Karibu kila tukio ni Medea na mtu mmoja: mfalme wa Korintho, Jason, kisha Aegeus wa Athens, kisha Jason tena. (Mfalme huyo wa Korintho anaitwa Creon pia, na si yule wa Thebes. Wanafunzi huwachanganya sana.) Kwa kila mwanamume anatumia sauti nyingine, na kwa wanawake wa korasi anazungumza kama rafiki. Hapo ndipo anaposema angependa kusimama na ngao vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Kikundi chenye mwigizaji mmoja wa kike aliyekomaa, fedha kidogo na watu wasiozidi 10 kinaweza kuifanya kazi hii kwa heshima.

Antigone inapotosha kwa jina lake. Yeye anapelekwa pangoni theluthi mbili za tamthilia zikiwa zimepita na haonekani tena, wakati Creon anabaki hadi neno la mwisho. Kwa hiyo tafuteni Creon mwenye nguvu, si dikteta wa katuni. Ni mtu aliyetwaa madaraka baada ya vita na anaamini kwa dhati kwamba akilegeza uzi mji utaparaganyika. Mzigo uliobaki umegawanywa vizuri: Ismene dada mtu, Haemon ambaye ni mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, Teiresias, na mlinzi mwoga ambaye anachekesha watu kidogo kabla ya maafa. Wahusika wanaosema, bila korasi, ni 8. Mfalme Oedipus nayo ina 8, lakini huko mmoja anawala wengine.

Lysistrata ina nafasi nyingi ndogondogo. Lysistrata mwenyewe ni mratibu, anahitaji akili na sauti ya mamlaka kuliko machozi.

Watazamaji watakaokaa mbele yenu

Hapa Antigone inashinda kwa mbali, nami siwezi kujifanya sina upande. Suala la nani ana haki ya kumzika marehemu, wapi, na kwa amri ya nani, si geni kwetu. Wakenya wenye umri wanaikumbuka kesi ya mwili wa wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 baada ya mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager kushindana mahakamani. Mtu aliyeishi nyakati hizo hahitaji kuambiwa kwa nini Antigone hakubali kunyamaza. Kule Robben Island wafungwa wa kisiasa waliiigiza tamthilia hii, na Nelson Mandela aliigiza Creon, kama alivyosimulia katika kumbukumbu zake. Mwaka 1973 wasanii wa Afrika Kusini Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitunga mchezo kuhusu wafungwa wawili wanaojiandaa kuigiza Antigone gerezani. Inaonekana kila palipo na amri na kaburi tamthilia hii hupata nyumba.

Mfalme Oedipus nayo imekwisha kupokewa Afrika. Mwandishi wa Nigeria Ola Rotimi aliihamishia kwa Wayoruba mwaka 1968. Kwetu ina faida moja kubwa sana: Samuel Mushi, yuleyule aliyewatafsiri Makbeth na Tufani wa Shakespeare, aliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971. Mkiipata nakala mtakuwa mmeokoa miezi ya kazi. Kwa hizo nyingine tengeni muda wa kufasiri, na mpeni kazi hiyo mtu anayejua ushairi, kwa sababu nyimbo za korasi zikifasiriwa kama gazeti hakuna kwaya itakayoziokoa.

Medea ina swali la watoto. Wagiriki hawakuonyesha mauaji mbele ya watu: kilio kinatoka ndani, au mjumbe anasimulia. Hata hivyo habari ya mama kuua wanawe inaweza kumwangukia mtazamaji aliyepitia msiba wa namna hiyo. Watangazieni watu mapema, na msiipeleke shule ya msingi. Pia kuna tatizo la jukwaa. Mwishoni Medea anatokea juu, ndani ya gari la babu yake Jua, akiwa na maiti za watoto, na Jason hawezi kumfikia. Athens walikuwa na mtambo wa kunyanyua. Aristotle hakuupenda mwisho huo, mimi naupenda sana, lakini bila roshani au paa imara lenye ngazi ya nyuma hamtaupata.

Lysistrata msiidanganye shule yoyote kwamba inafaa. Mzaha wa chumbani ndio mwili wake. Waigizaji wa futuhi wa wakati huo walivaa hata viungo bandia vya ngozi, na mkiukata wote hadithi haina miguu. Kwa watu wazima ni jambo jingine. Ilionyeshwa mwaka 411 KK, miaka miwili baada ya Athens kupoteza jeshi na meli zake huko Sicily, katika vita na Sparta vilivyoanza 431 KK. Waliocheka walikuwa na wafu majumbani. Kuna tukio ambamo ofisa wa serikali anamwuliza Lysistrata wanawake wangeuongozaje mji, naye anajibu kwa kazi ya sufu: kuosha uchafu, kuchambua, kukusanya nyuzi zilizotawanyika, kisha kusuka joho moja la watu wote. Ofisa anakasirika kwamba wanawake wanazungumzia vita. Lysistrata anamkumbusha kwamba wao ndio wanaozaa wana wanaopelekwa huko. Kicheko kinasimama ghafla. Sehemu hiyo peke yake inatosha kuichagua, kama mna hadhira ya kuipokea.

Msiongozwe na tuzo. Mwaka 431 KK Medea na tamthilia zilizoandamana nayo zilishika nafasi ya mwisho kati ya washindani watatu, na Mfalme Oedipus ilimpa Sophocles nafasi ya pili nyuma ya Philocles, ambaye hakuna tamthilia yake hata moja iliyobaki nzima.

Chaguo langu

Kikundi cha kwanza kabisa, cha shule ya sekondari, chuo au mtaa: Antigone. Ina mistari 1,353 tu, mzigo umegawanyika, mabishano yake yanaeleweka bila maelezo ya ziada, na korasi yake ina kazi ya kufanya. Kikundi chenye kwaya iliyoiva na mwigizaji mkubwa wa kiume: Mfalme Oedipus, na kwa urefu wake wa mistari 1,530 msikate kitu kwenye mahojiano, kwa sababu kila jibu linafungua swali linalofuata. Watu wachache wenye mwigizaji mmoja wa kike wa kuaminika: Medea, na korasi ya wanawake watano au sita itatosha. Kikundi kikubwa cha ngoma kinachocheza nje kwa watu wazima: Lysistrata.

Mkijikuta kati ya Antigone na Mfalme Oedipus, amueni kwa kuwasikiliza waimbaji. Wafundisheni wimbo wa kwanza wa kila moja kwa wiki moja moja. Ule wa Mfalme Oedipus ni dua ya watu wanaokufa. Ule wa Antigone ni shangwe ya alfajiri: jeshi la adui limekimbia usiku, jua linachomoza juu ya malango saba ya Thebes, na wazee wanataka kwenda kucheza kwenye mahekalu yote usiku kucha. Utakaowakaa mwilini kwanza ndio wenu.

Watu wakiwa wachache, punguzeni idadi ya korasi, msipunguze nyimbo. Wagiriki waliziweka hapo ili mtazamaji apate muda wa kufikiri juu ya alichokiona kabla ya kuletewa jingine, na zikiondolewa matukio yanagongana. Muziki atunge mtu wa kwenu, kwa mapigo ya kwenu, maana sauti za Athens hazikutufikia isipokuwa vipande vichache. Tafuteni mahali penye mteremko mkipata, watazamaji wakae juu na korasi icheze chini yao, mchana, bila taa. Kwa mwendo wa kawaida onyesho lenye nyimbo zake zote litachukua kama saa moja na nusu hadi mbili, bila mapumziko. Waathene walikaa kutazama tanzia tatu kwa siku moja, na baada yake mchezo wa nne wa kuchekesha wenye korasi ya maswahaba wa Dionysus.